Mwaka Ng'ombe Walipohama Kwenye Kioo

Habari ya kifo cha Kwamboka ilinikuta nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Lodwar, upande wa kivuli, nikingoja jua lipunguze ukali ndipo niende kununua sukari. Binti yangu Nakiru ndiye aliyenisomea. Kusoma nasoma, lakini polepole, kama mtu anayevuka laga, mto wa msimu, wakati maji yamemfika magotini, na ujumbe wa msiba hautaki kusomwa hivyo. Ulitoka kwa binti yake Kwamboka, kule kwao Kisii. Mama amepumzika, ulisema, mazishi ni Jumamosi asubuhi, na wale waliofanya kazi naye Kakuma ambao hawawezi kufika wamtumie sauti kwa simu, zipigwe mbele ya watu kabla ya kumzika. Nikamwambia Nakiru sawa, nimesikia, nitatuma. Sukari sikwenda kununua. Nilikunywa chai kavu siku hiyo, na mimi chai bila sukari naona ni kama dawa ya minyoo.

Ijumaa nikachukua simu, hii ya kioo aliyoninunulia Nakiru, ili niseme maneno yangu. Najua mahali pa kusemea. Ni pembeni chini, mkono wa kulia, kuna alama ya kipaza sauti. Unakishikilia kwa kidole gumba, unaongea, unaachia, sauti inaondoka. Nimefanya hivyo mara nyingi na watu wangu walioko Kerio kwenye samaki. Nikaweka kidole pale pale, nikavuta pumzi, nikaanza, "Kwamboka, dada yangu," na simu ikaniuliza swali kwa Kiingereza. Nikatazama. Kipaza sauti hakipo. Mahali pake pamekaa duara la rangi rangi kama ushanga, na kila nikiligusa linataka kujua linisaidie nini. Nikamwita Nakiru. Akasema, "Aa, baba, imejiapdeti. Leta nifinye." Akanyoosha mkono. Nikaivuta simu kifuani. Nikamwambia, "Kaa hapo. Kalia mikono yako." Akanishangaa kama nimepatwa na homa. Kwa hiyo ikabidi nimweleze ni nani alinifundisha maneno hayo, na hapo ndipo mwaka ule wote uliponirudia, na simu ikalala magotini mpaka chaji ikaisha.

Sikuwa kijana mwaka ule, nisidanganye. Lakini mtu anayeanza kitu ambacho hakijui hata kidogo anarudi kuwa mtoto, atake asitake. Mifugo yangu ilikuwa imekwenda na ukame, nikafika Kakuma nikiwa na fimbo, shuka na ekicholong, kile kigoda chetu kidogo cha kukalia na kuwekea kichwa. Redio ile ndogo ilitafuta mtu wa kutangaza kwa Kiturkana mambo ya kawaida: nani amepotelewa na mbuzi, nani amefiwa, chanjo iko wapi, mtoto wa nani ameonekana wapi. Walinichukua kwa sababu nina mdomo. Tangu zamani watu wananiita kwenye moto niwasimulie, na nikianza kusimulia ni shida kunyamaza, kama unavyoona. Hawakuniuliza kama nimesoma. Nilikuwa nimekaa darasani mpaka nikajua herufi, halafu ngamia wakanihitaji.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, ndani kimepigiliwa mablanketi ya kijivu ukutani ili sauti isirukeruke. Hebu fikiria, Kakuma, mchana, bati juu na blanketi pande zote. Feni ilikuwepo lakini ilikatazwa tukiwa hewani kwa sababu ya kelele, kwa hiyo tulikuwa tunatoka jasho kimya kimya. Meza moja, kompyuta moja nene, na pembeni yake lile sanduku la vijiti vya kusukuma juu na chini vya kufungulia maikrofoni. Kwamboka ndiye aliyekuwa mwenye chumba. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, aliyetoka Kenya. Wengine wenu mtacheka, lakini huku ndivyo tunavyosema: mtu akipanda basi kwenda kusini tunasema amekwenda Kenya, kama vile sisi tuko nchi nyingine. Mwanzoni alikasirika. "Kwani hapa ni wapi, Baba Nakiru?" Nikamwambia, "Hapa ni hapa." Baadaye hata yeye akawa anasema, "Likizo naenda Kenya."

Chakula cha mchana tulikula pale pale sakafuni, mlango wazi. Yeye alikuwa na mboga chungu zilizokaushwa, kwao walimtumia kwa basi, zikifika zinanuka kama magunia, na akizipika na maziwa ya ngamia niliyomletea zinakuwa kitu kingine kabisa. Nyuma ya redio kulikuwa na mama wa Kihabeshi akiuza anjera, ile mikate yao mipana na laini. Tulimnunulia, tukachanganya na samaki mkavu wa kutoka ziwani. Chakula cha watu waliotawanyika, Kwamboka alikiita hivyo. Na kupitia ukuta tulisikia kambi nzima ikiongea: Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, na vijana na Sheng yao ambayo hata Kwamboka hakuielewa. Wakati mwingine tulinyamaza tu tukisikiliza watu wakigombania bei ya makaa.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi yeye alisoma tangazo kwa Kiswahili, mimi nikalishika kichwani na kulisema kwa Kiturkana, na kompyuta ikalimeza. Baadaye, kati ya wimbo na wimbo, mimi mwenyewe nilitakiwa kulitoa. Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza. Siku za kwanza nilishika mausi, kile kipanya cha kompyuta, kama nimeshika nyoka. Kwamboka hakufinya kwa niaba yangu hata mara moja. Alikuwa anakaa kwenye kiti, anaingiza viganja vyake chini ya mapaja, anavikalia, halafu anasema, "Tafuta." Nilimuona akiumia. Mtu anayejua kitu, kumtazama asiyejua akihangaika ni adhabu. Lakini alikalia mikono.

Mimi nikaona njia yangu. Alama zilizokuwa juu ya kioo zilisimama kwenye mstari, kila moja na rangi yake, nikaziona kama ng'ombe wanaoingia zizini. Na ng'ombe humjui kwa herufi, unamjua kwa rangi yake, pembe zake na doa lake. Ile ya kurekodi ikawa Mwekundu. Ile ya kukata ikawa Pembe Iliyopinda. Ile ya kuhifadhi ikawa Kijivu Mwenye Doa. Ile ya kijani ya kutoa sauti, kwa kuwa ng'ombe wa kijani hajazaliwa bado, ilikuwa na pembe tatu, nikaiita Sikio la Mbuzi. Halafu nikawatungia wimbo, kama mwanamume anavyomtungia wimbo fahali wake, ili nisisahau nani anatangulia. Anza na Mwekundu, anafuata Pembe, mwache Kijivu apumzike, halafu vuta Sikio. Niliimba mdomoni huku mkono unakwenda. Kwamboka alicheka mpaka akatoa machozi mara ya kwanza. Wiki iliyofuata nikamkuta peke yake chumbani anafanya kazi na anauimba, Kiturkana chake kibovu, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikajirudisha nje taratibu.

Kwa miezi mingi mambo yakawa hivyo. Nilifika mahali sikuhitaji kutazama. Hiyo ni raha ambayo watu hawaisemi: kukaa na kitu mpaka mkono wako unakwenda wenyewe, na wewe unafikiria mambo mengine, chai au mvua.

Halafu wakatuletea intaneti. Sahani kubwa juu ya bati, watu wakaja kuishangaa, mkubwa wetu akachinja mbuzi. Asubuhi moja baada ya hapo Kwamboka alikuwa amekwenda Lodwar kung'oa jino. Nikafungua chumba peke yangu, nikaweka ekicholong changu, nikawasha kompyuta, na ng'ombe wangu hawakuwepo. Mstari wote umeondoka. Juu kumekuwa na kitu kipana kama shuka limetandikwa, na kwenye shuka hilo kuna vitu vidogo vingi vya kijivu, vyote kijivu, kundi zima kijivu, hakuna pembe wala doa. Damu ikanipanda. Nikajua tumevamiwa.

Msinicheke. Mtu akiamka akute zizi limebadilika, hakai akifikiria. Anatazama chini. Nikazima taa, nikafungua mlango wazi ili mwanga uingie kwa chini, nikachuchumaa kwenye vumbi la sakafu. Kakuma vumbi halikosi, hata ufagie. Nikaona nyayo za kandambili za Kwamboka, kisigino cha kulia kimelika. Nikaona viatu vya mkubwa vya ngozi. Nikaona akala zangu za tairi. Hakuna mwingine. Nikatoka nikazunguka nyumba, nikaangalia dirisha, nikaangalia chini ya ile sahani. Mlinzi wetu, Ekal, alikuwa anapiga mswaki na kijiti.

"Nani aliingia usiku?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Ekal, mtu ameingia. Amepangua kila kitu ndani ya kompyuta."

Akatema mate. "Umeona nyayo?"

"Sijaona."

"Basi unaniambia mimi nimelala, mtu akaruka kama ndege, akaiba, akaacha kompyuta?"

"Hakuiba. Alibadilisha."

"Alibadilisha!" Akamgeukia mama wa anjera aliyekuwa anawasha jiko. "Mama, umesikia huyu? Mwizi amekuja kupanga nyumba!" Na tangu siku hiyo Ekal hakunisalimia kwa karibu mwezi mzima. Nikimsalimia, ejok, ananitazama masikio tu.

Nikiwa bado nabishana naye ndipo akaja mama mmoja. Mkongomani, mrefu, kitenge kimemlegea kiunoni, kiatu kimoja mguuni. "Baba," akasema, "mutoto wangu hayuko. Nilimuacha hapa hapa tu, nikageuka kununua chumvi. Batu banasema balimuona kwa barabara ya Lokichoggio. Sema kwa redio, baba. Sema sasa." Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, gauni la manjano. Na ile barabara, jamani, malori yanayokwenda mpakani Nadapal hayasimami hata kwa mbuzi.

Nikamkalisha kwenye kiti cha Kwamboka. Nyimbo za asubuhi, zinazojianza zenyewe kompyuta ikiwashwa, zilikuwa zinaendelea hewani. Nikashika mausi, nikaanza, anza na Mwekundu. Mwekundu hayupo. Nikafinya mahali alipokuwa anasimama, kikafunguka kidirisha cha maandishi. Nikakifunga. Nikafinya mahali pa Pembe, kioo chote kikawa cheupe. Yule mama ananitazama, haelewi kwa nini mtu mzima anaimba chini chini huku mtoto wake amepotea. Nikamtuma Ekal, mwenye hasira zake, amwite mkubwa. Mkubwa wetu, mtu wa Bungoma, msomi na mtu mwema, akaja na taulo shingoni, akainama, akasoma. "Wanasema wameiboresha," akasema. Akatafuta. Akafungua hiki, akafunga kile. Na yeye hakupata. Akasema tungoje Kwamboka arudi jioni.

Nyimbo hizo zikakaribia kwisha. Kulikuwa na amri pale: mimi nisiende hewani moja kwa moja, nirekodiwe kwanza, kwa sababu ya huu mdomo wangu usiojua kunyamaza. Mkubwa ndiye aliyeiweka. Na alikuwa amesimama pale pale nyuma yangu. Lakini lile sanduku la vijiti halikuwa na kioo. Vijiti vilikuwa vijiti, viko palepale vilipokuwa jana. Nikakisukuma cha maikrofoni juu. Taa nyekundu ikawaka, na nikamuona Mwekundu wangu mmoja aliyebaki. Nikasema kwa Kiturkana kwamba mtoto wa mwenzetu amepotea, gauni la manjano, anayemuona amshike mkono. Nikamsogezea mama maikrofoni, akasema kwa lugha yake, akalia, akamwita mtoto kwa jina hewani, mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Sikukata. Mkubwa alivuta taulo akajifuta uso.

Ningependa niwaambie kwamba redio ilimwokoa. Mtoto alikuwa amelala chini ya meza ya anjera, nyuma ya ukuta wetu, amefunikwa na ile nguo ya kufunikia unga. Mama wa anjera hana redio, na Kiswahili chake kilikuwa cha bei tu. Yule mama Mkongomani alipotoka ndipo akaona mguu. Nilisikia ukelele, nikadhani amekufa mtu. Lakini kwa siku nyingi baadaye watu waliingia kuuliza, yule mtoto wa manjano alipatikana? Hata dereva wa lori alisimamisha gari barabarani, akateremka na vumbi lake lote, akauliza, akapanda akaenda.

Kwamboka alirudi shavu limevimba. Mkubwa alimwambia mambo yote, pamoja na ya nyayo, na kwamba mtu wake amevunja amri. Kwamboka akamjibu kwa mdomo wa upande mmoja, "Mkubwa, ungemfunga mdomo wewe?" Akaingia, akaketi. Nikangoja atengeneze. Yeye alikuwa na njia zake za mkato kwenye vitufe, vidole viwili kwa pamoja hapa, viwili pale, haraka kama mtu anayesuka kikapu. Akavipiga. Haikutokea alichotaka. Akavipiga tena. Akaitazama mikono yake. Kisha akasema, "Baba Nakiru, hii mikono imekuwa ya mtu mwingine." Nikaona machozi, nikasema ni jino. Hakuwa na kiburi cha kusema ni jino. "Si jino," akasema. "Nimechoka. Kila nikijua kitu wanakihamisha. Benki wamehamisha, simu wamehamisha, sasa na hapa."

Mimi nilikuwa nimesimama. Nikaketi kwenye ekicholong changu karibu naye. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikaingiza viganja chini ya mapaja, nikavikalia, nikasema, "Tafuta." Akacheka, akashika shavu kwa maumivu, akanitukana kwa Kikisii. Tukatafuta mpaka jenereta ikaisha mafuta. Hawa wapya wa kijivu hatukuwapa majina ya rangi, tuliwapa ya umbo, na tukatunga wimbo mwingine. Haukuwa mzuri kama wa kwanza. Mwaka haujaisha wakahama tena, tukatunga wa tatu, nao ulikuwa mbaya zaidi, tulikuwa tunaimba kama watu wanaobeba maji ya mtu mwingine. Kisha mkataba wake ukaisha, akapanda basi akaenda Kenya. Huo ndio mwaka wangu. Hakuna aliyeniibia kitu ndani yake, na kila siku nilijikuta nimepotea nyumbani.

Sasa nimezoea, yaani nimechoka kwa namna ambayo haishangai. Hapa Lodwar mashine ya benki inabadilika, duka kubwa linahamisha majani ya chai, simu inaamka asubuhi na uso mpya. Nakiru ananiambia, "Baba, ni dakika moja tu kuzoea." Anasema kweli. Ila hizo dakika naona nimebakiwa na chache, na zinaombwa na watu wengi.

Jumamosi asubuhi, basi. Nakiru alikuwa amechaji simu. Alikuja akaketi kando yangu na, sitamsahau kwa hilo, akavikalia viganja vyake. Nikatafuta kipaza sauti. Nikafinya duara la ushanga, likaniuliza linisaidie nini. Nikatelezesha juu, nikatelezesha chini. Saa inakwenda. Nilimsikia Nakiru anapumua kwa pua, anajizuia. Nikaona sitapata. Nikafunga kila kitu, nikafungua mahali pa namba.

Namba hazijahamishwa. Moja iko juu, sifuri iko chini, kama zamani. Na kuna namba moja ambayo kidole changu kinaijua bila mimi, kinapanda, kinashuka, kinapita katikati, kinarudi pembeni. Nikakiacha kiende. Ikaita. Nakiru akanigeukia, "Baba, unampigia nani?" Nikamwambia, "Kwamboka."

Ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na kwaya na watu. "Halo? Hii ni simu ya mama," sauti ikasema. Binti yake. Nikajitaja. Akasema, "Mzee wa redio? Mama amekuandika hapa Mwenye Ng'ombe. Ngoja. Ngoja, usikate, nakuweka kwa maikrofoni."

Nikasikia kwaya ikinyamazishwa. Nikasikia upepo wa kwao, ule wenye miti. Maneno yote niliyoyapanga tangu Ijumaa yakanitoka kichwani, mimi wa mdomo huu. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni wimbo wa kwanza, ule mzuri, kwa Kiturkana, wote, mpaka Sikio la Mbuzi. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kulia. Kisha binti yake akarudi kwenye simu, kwa sauti ya chini.

"Mzee, watu wanauliza huo wimbo unasema nini."

Nikamwambia, "Unasema finya ile nyekundu kwanza."

Akangoja kidogo, kama mama yake alivyokuwa akingoja kabla ya kusoma tangazo. Kisha nikamsikia anawageukia watu, anawatangazia kwa Kikisii.